Baba Seva na Kengele ya Pampu

Jina hilo alipewa na Mama Sundi, mpishi wetu wa kantini, kwa kutoelewa. Siku mtu yule alipofika mgodini, dereva alimtambulisha kwa kifupi, "Huyu ndiye wa seva," kisha akaendelea kushusha maboksi. Mama Sundi, ambaye Kiswahili alijifunza ukubwani na bado kilikuwa kinamponyoka, akadhani Seva ni mtoto. Akamsogezea kiti, akammiminia chai, akasema, "Karibu, Baba Seva. Mtoto umemwacha na nani?"

Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Yeye hakucheka. Alishukuru kwa chai, akajibu kwamba mtoto amekuja naye, yumo kwenye boksi lile kubwa, na walishushe polepole. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita vinginevyo. Hata meneja alimwita Baba Seva.

Ulikuwa mgodi mdogo wa dhahabu, magharibi ya Geita, miaka ya tisini, wakati kila kilima kule kilikuwa kimepata mwenyewe na makampuni yalikuja na kuondoka kama wageni wa msibani. Mimi nilikuwa mpiga redio. Simu hazikufika, hivyo kila lililohitajika, kuanzia dizeli hadi vitunguu, niliagiza kwa redio ya upepo, nikiongea na ofisi zetu za Mwanza na Shinyanga mpaka sauti inakauka. Wenzangu waliniita Mama Kulwa, kwa pacha wangu wa kwanza. Meza yangu ilitazamana na chumba chake, na kwa kuwa milango yote miwili iliachwa wazi kwa ajili ya joto, kwa miaka ile niliishi nikimwona yeye kuliko nilivyomwona mume wangu.

Chumba chenyewe kilikuwa kontena lililotobolewa dirisha. Ndani mlikuwa na meza mbili, printa iliyopiga kelele kama cherehani bovu, betri za akiba zilizopangwa sakafuni, na seva. Usifikiri kitu cha ajabu. Lilikuwa sanduku la rangi ya maziwa yaliyochacha, kubwa kuliko kompyuta zetu nyingine, lenye Windows ile iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi za ofisi kubwa. Vumbi la Geita ni jekundu na linaingia hata kwenye yai. Alilifunika sanduku lake kwa kanga, akiacha mgongo wazi lipate hewa, na kabla ya kuligusa alinawa mikono kwa sabuni kama daktari. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi siku zote. Katikati ya watu waliovaa matope kutwa nzima, shati lile liliwakera wengi.

Kazi yake, kama alivyonieleza, ilikuwa kukaa macho. Seva ilikusanya habari kutoka kila pembe ya mgodi: jenereta ina mafuta kiasi gani, stoo imebakiwa na nini, kompyuta ipi imekwama, na zaidi ya yote, pampu. Kule chini kuna maji. Wachimbaji wadogo waliotutangulia walikuwa wametoboa kilima kile kila upande, wakayaacha maduara yao, yaani mashimo yao, wazi, na mvua za miaka zikayajaza. Shimo letu lilipita karibu na maji hayo. Pampu ilikaa chini kabisa, ikinyonya usiku na mchana, na waya mrefu ulipanda kutoka kwenye pampu hadi kwenye kontena la Baba Seva. Pampu ikinyamaza, seva ilijua. Seva ikijua, kengele ililia mdomoni mwa shimo, na watu wote walitakiwa kupanda juu.

Yeye mwenyewe hakuwahi kushuka shimoni. Hilo ni jambo la kwanza la kushangaza juu yake. Alijua pampu ilivyopumua, alijua joto lake, alijua ilipokoroma, lakini hakuwahi kuiona. Alikuwa mwoga wa ngazi ile. Alisema wazi, bila aibu, "Mimi nikishuka mle sitapanda." Masanja, kijana wa mashine ya kutobolea miamba, alikuwa akimtania kila wiki. "Twende nikakuonyeshe mkweo, Baba Seva. Yuko kule chini anakuulizia."

La pili: yeye ndiye aliyeandika matangazo yote ya usalama yaliyobandikwa pale mgodini, kwa herufi kubwa nyeusi, na yeye huyo huyo alikuwa akivuta sigara nyuma ya matangi ya dizeli, chini ya tangazo lake mwenyewe lililokataza kuvuta sigara. Nilimkuta mara nyingi. Alikuwa akiizima haraka kama mwanafunzi, kisha ananisalimia kwa heshima kubwa mno. Sikuwahi kumsema. Nami nilikuwa na yangu.

Alikuwa mchoyo wa maneno kwa watu na mkarimu kwa mashine. Niliwahi kumsikia akiibembeleza seva ilipokataa kuwaka baada ya radi: "Haya basi, haya, nimeshakuja." Lakini ukimuuliza habari za kwao alitazama pembeni. Sikujua alizaliwa wapi wala kama ana ndugu. Lafudhi yake haikuwa ya Usukumani, na Kisukuma chake kilikuwa cha kuvunja mbavu, ingawa alijilazimisha kukisema kila asubuhi.

Asubuhi zake nazikumbuka vizuri. Alichapa ripoti, akaipaka rangi kwa kalamu nene, kijani kwa kilicho kizima, njano kwa cha kuangaliwa, nyekundu kwa kilichoharibika, akaibandika mlangoni mwa kantini kabla ya zamu kushuka. Meneja alikuwa amemwambia ripoti ni ya ofisi tu. Yeye alisema wanaoshuka ndio wanaoihitaji. Na kwa kuwa wengi hawakusoma, alisimama pale na shati lake, akasafisha koo.

"Mwangaluka!"

"Mwangaluka, Baba Seva!" vijana walijibu kwa kelele, wakimwigiza.

"Pampu, kijani. Feni ya hewa, kijani. Jenereta ya pili, njano, inakunywa mafuta kuliko kawaida."

"Kama nyapara wetu!" Masanja alipaza sauti, na kundi zima likaangua kicheko. "Na mtoto? Seva kalalaje?"

"Kalala salama."

"Wabeja, wabeja sana," wakamshukuru.

Kisha wakachukua taa zao na kwenda. Aliniambia siku moja kwamba haipendi ripoti, ingawa ndiyo iliyomweka mjini. "Ripoti ni jana iliyopigwa pasi," alisema. "Mtu anaiona imenyooka, anadhani na leo imenyooka." Alikuwa na maneno mengine ya namna hiyo. Ukimlalamikia kwamba kompyuta imekudanganya, alijibu, "Imekujibu ulichoiuliza. Usichoiuliza imebaki nacho."

Alikuwa na majivuno. Nisimfanye malaika. Alijua kwamba hakuna mwingine pale aliyeelewa kazi yake na hilo lilimpendeza. Kuna wakati idara tatu ziligombana, kila moja ikitaka seva yake: stoo, ofisi na watu wa shimo. Fedha za kununua nyingine hazikuwepo. Baba Seva akajifungia kontenani, akatoka akitangaza kwamba kila idara sasa ina seva yake. Kila moja ilipewa jina lake la kuandika kwenye kompyuta, na likiandikwa, ukurasa wa idara ulifunguka, wenye habari zake na rangi zake. Watu wakafurahi. Siku chache baadaye mkuu wa stoo akaja kujisifu.

"Bwana, seva yetu ya stoo ni moto wa kuotea mbali. Ya ofisi nasikia inajikongoja."

"Nitawaambia wa ofisi waige," alijibu Baba Seva bila kutabasamu.

Mkuu wa stoo alipoondoka nikamuuliza hizo nyingine ameziweka wapi, maana sijaona boksi jipya. Akanyanyua pembe ya kanga. "Ni huyu huyu. Anaitika majina matatu." Nikacheka. Yeye akaongeza, akiwa na uso ule ule wa kazi, "Lakini akianguka, Mama Kulwa, ataanguka mara tatu."

Sasa niseme habari ya kengele, kwa kuwa hakuna anayemkumbuka mtu yule bila kuitaja.

Jenereta zetu zilikuwa kuukuu. Umeme ulikatika kwa pumzi moja na kurudi, taa hazikupata hata muda wa kuzimika vizuri. Lakini pampu ilistuka, na seva ikaona pampu imekufa, na kengele ikalia. Watu wakatupa zana, wakapanda ngazi ile ndefu, wakafika juu wakihema na kukuta hakuna kitu. Wakashuka. Kabla ya chakula cha mchana ikalia tena. Kuna siku walipanda na kushuka mpaka miguu ikawatetemeka. Awali walimshukuru Mungu kila walipokuta ni uongo. Baadaye walianza kutukana. Masanja alipitisha kichwa mlangoni mwa kontena, jasho likimtiririka, akasema, "Baba Seva, mtoto wako analia tena. Mnyonyeshe." Safari hii hakuna aliyecheka.

Kilichoniogopesha mimi ni kwamba wengine waliacha kupanda. Kengele ililia, wao wakaendelea kupiga miamba. Nyapara aliwakuta na kuwafokea, nao wakamwambia aende akamfokee Baba Seva.

Meneja alikuja kontenani mchana mmoja. Nilisikia kila neno.

"Hii kengele inaniua. Kila ikilia kazi inasimama. Wenye kampuni wanaipata ripoti yako huko waliko, wanaona nyekundu, nyekundu, nyekundu. Wananiuliza kama hapa ni mgodi au hospitali. Izime."

"Siizimi."

"Nakuagiza."

"Niagize jingine. Jenereta mpya, kwa mfano. Tatizo liko kwenye umeme."

"Jenereta nimeomba, nimenyimwa. Basi ipe akili hiyo kengele. Ijue kuna kukatika kwa kweli na kukatika kwa mchezo."

Niliisikia feni ya seva.

"Naweza kuifanya isubiri," Baba Seva alisema. "Pampu ikinyamaza, isilie papo hapo. Iangalie kwanza kama itaamka. Ikipita nusu saa bado imenyamaza, ndipo ilie."

"Fanya hivyo."

"Nusu saa ni nyingi."

"Kwa siku za kawaida maji hupanda kiasi gani kwa nusu saa?"

"Kwa siku za kawaida? Hayafiki hata magotini."

"Basi."

Akanawa mikono, akaketi, akaandika. Ilimchukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Nilimwona akikaa baadaye mbele ya kioo cha kompyuta bila kufanya kitu, mikono mapajani.

Kengele ikanyamaza. Nyie, amani iliyokuja pale mgodini! Watu walifanya kazi mpaka mwisho wa zamu bila kupanda. Ripoti za asubuhi zikawa kijani tupu. Mama Sundi alimwekea mnofu mkubwa kuliko wa meneja. Masanja alimpigia saluti, akasema mtoto sasa amekua, ameacha kulia ovyo. Na yeye, naapa, alifurahi. Alianza hata kukaa kantini na watu baada ya chakula, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akisikiliza masimulizi yao ya ng'ombe na mahari. Ninaamini ulikuwa wakati mzuri kuliko wote alioupata pale.

Kisha zikaja zile mvua kubwa, ambazo kila mtu wa umri wangu anazikumbuka, zilizobeba madaraja na kuozesha pamba shambani. Ilinyesha siku baada ya siku. Siku ile ilikuwa adhuhuri, mvua imepungua, nami nilikuwa nikibishana na Mwanza juu ya lori letu lililokwama matopeni. Chini, ukuta mmoja wa mwamba ulipasuka na maji ya maduara ya zamani yakamwagika ndani ya shimo letu pamoja na matope yake. Matope yakaiziba pampu. Pampu ikanyamaza, na seva, kama ilivyoagizwa, ikasubiri.

Mzee Ngasa, mwendesha pampu, alikuwa amepanda kidogo hadi njia ya juu ya shimo kutafuta mpira wa maji wa akiba. Huyo ndiye aliyesikia mngurumo na kupiga kelele. Waliokuwa njia ya juu walimsikia wakakimbilia ngazi. Walikuwa wakitoka mmoja mmoja, wekundu kuanzia kichwani hadi miguuni hata huwezi kumtambua mtu, wakati kengele ilipoanza kulia. Nakumbuka mmoja wao aliitazama, akacheka kicheko kibaya, akakaa chini.

Watatu walikuwa njia ya chini. Mmoja wao ni Masanja.

Baba Seva alitoka kontenani mbio. Hajavaa koti, shati lake jeupe limelowa na kumganda. Alipofika mdomoni mwa shimo hakuuliza kitu, alishika ngazi ile aliyoiogopa siku zote na kuanza kushuka. Nyapara na watu wawili wakamkamata kwapani, wakamvuta. Alipigana nao. Mtu yule mpole alimng'ata nyapara mkononi. Walipomtuliza alikwenda nyuma ya matangi ya dizeli na kutapika, kisha akarudi, akashika kamba pamoja na wengine, akavuta pampu ya kuazima na mipira yake mpaka ngozi ya viganja ikachubuka yote.

Ilichukua siku kadhaa kuwapata. Wanawake walikaa langoni kwenye tope, wakijifunika mifuko ya nailoni. Mama yake Masanja alisafirishwa kutoka kijijini kwao, upande wa Kahama, mwanamke mfupi aliyevaa gauni la kanisani, pamoja na mkwewe mjamzito, mke wa Masanja. Hakulia hata mara moja pale langoni. Alikuwa akimuuliza kila apitaye, kwa Kisukuma, kama kule chini kuna baridi.

Siku hizo Baba Seva alibandika ripoti kama kawaida. Nyekundu. Hakuna aliyemsikiliza akiisoma, akaisoma hivyo hivyo.

Nilimfuata kontenani nikamwambia, kwa sauti ya chini, kwamba wakaguzi wa serikali wako njiani. "Hiyo nusu saa, umeshairudisha ilivyokuwa?"

"Hapana."

"Ungeirudisha."

"Wakija waikute nilivyoiacha."

"Hakuna atakayejua, Baba Seva. Hapa nani anaelewa hayo mambo?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu maafa. Macho yalikuwa yamevimba. "Mimi," alisema. "Mimi naelewa."

Wakaguzi walikaa kantini, kwenye meza ya Mama Sundi iliyofunikwa kitambaa. Kabla hawajaanza, meneja alikuwa amepita kwa kila mmoja wetu na kutukumbusha, kwa upole, kwamba mwendesha pampu hakuwa mahali pake. Hilo lilikuwa kweli. Hakuwa mahali pake. Mzee Ngasa aliwekwa kwenye benchi peke yake, kofia mapajani, na watu wakaeleza mmoja baada ya mwingine kwamba hakuwa mahali pake. Nami niliitwa tu kueleza nilichotangaza kwenye redio, nikakieleza, nikakaa.

Baba Seva aliitwa mwisho, kwa jambo dogo. Mkaguzi alikuwa ameshaanza kufunga kalamu.

"Kengele ya tahadhari ilikuwa inafanya kazi?"

"Ilifanya kazi kama nilivyoiagiza," alisema. "Niliiagiza ichelewe."

Mkaguzi akafungua tena kalamu. Meneja akakohoa. Baba Seva akaeleza yote, taratibu, kwa maneno mepesi, kama asubuhi zile alipowasomea vijana rangi: pampu ikinyamaza kengele ingelia papo hapo; watu walichoka na kengele; yeye akaifanya isubiri nusu saa; maji hayakusubiri. Mzee Ngasa hata angekuwa amekaa juu ya pampu asingeweza kuitoa matope. "Kama ingelia mara ile ile, wangekuwa na muda wa kupanda. Si wote pengine. Lakini wangekuwa na muda."

"Nani alikuagiza kufanya hivyo?"

Hapo ndipo nilipoinua kichwa. Meneja alikuwa akitazama dari.

"Niliandika mwenyewe," alisema. "Kwa mkono wangu."

"Nauliza nani alikuagiza."

"Niliweza kukataa. Kuizima nilikataa. Hili sikulikataa."

Zaidi ya hapo hakusema. Walimuuliza kwa njia tatu nne, akajibu hayo hayo. Mpaka leo sijamwelewa. Mtu aliyeona aibu kukaa kimya mzee wa watu akionewa, ndiye huyo huyo aliyemwacha meneja aende zake. Baba Seva aliondoka kwa gari la kampuni jioni ile pamoja na polisi, akiwa na mfuko mmoja. Kanga ya seva ilibaki. Walimweka mahabusu Geita kwa muda, wakamwachia, kesi ikapotelea huko kesi zinakopotelea. Meneja alihamishiwa mgodi mwingine, mkubwa zaidi.

Pale kambini hakuna aliyemsifu. Baadhi ya vijana walitema mate walipotajiwa jina lake, na walikuwa na haki. Wengine walimwona mpumbavu aliyejipeleka jela kwa mdomo wake. Niliyemtegemea amseme vizuri ni Mzee Ngasa, kwa kuwa alikuwa ameepushwa na jela. Nilimuuliza siku anafungasha, maana kazi hakurudishiwa hata hivyo. Alifunga godoro lake kwa kamba, akakaza fundo.

"Aliniokoa na shimo alilolichimba yeye," alisema. "Nimshukuru kwa lipi?"

Mgodi ulifungwa mwaka uliofuata. Nilihamia Shinyanga mjini, tukapanga mtaa wa Kambarage, nikafungua kibanda cha vyakula. Nilimwota mara nyingi kuliko nilivyotaka.

Nilimwona tena mara moja tu. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ile ya tisini, nikirudi kutoka kumzika shangazi Geita. Basi lilipita Bugarama salama, likapita Kahama, likaja kupasuka tairi Isaka, mbele ya yadi ya makontena. Malori ya kwenda Rwanda na Burundi yalikuwa yamejipanga kwenye jua. Abiria tulishuka tukatawanyika kutafuta kivuli, na mimi nikaingia kwenye mgahawa wa madereva. Alikuwa amekaa pembeni, anakula wali kwa samaki peke yake. Nywele zilikuwa nyeupe zote. Alivaa fulana.

"Shikamoo, Baba Seva."

Kijiko kilisimama hewani. Nadhani lilikuwa jina ambalo hakuwa amelisikia tangu aondoke mgodini. "Marahaba," alisema polepole. "Mama Kulwa. Kaa. Pacha hawajambo?"

Nikakaa. Aliniagizia soda. Aliniambia yuko kwenye ofisi ya yadi, anatunza kompyuta za kuhesabia makontena, na wakati huo mabosi wake wana hofu ya mwaka elfu mbili, wamesikia kwamba ukiingia kompyuta zote duniani zitachanganyikiwa. Anapima moja moja. Aliyasema hayo kama mtu anayesoma tangazo. Nikamwambia habari za mgodi kufungwa, za Mama Sundi kufariki. Aliinamisha kichwa kwa Mama Sundi.

Kisha akasema, bila mimi kumuuliza, "Nilikwenda kwao Masanja."

Nikaweka chupa chini.

"Si mbali na hapa. Nilipanda baiskeli. Mama yake alikuwa anapura mtama uani. Nilijitambulisha. Alikuwa ananijua, alikuwa amesikia kwamba yuko mtu aliyesema kweli kwa wakaguzi. Akaniletea kigoda, akaniletea maji. Mtoto alikuwepo, wa kiume, ameanza kutembea, alikuja akanishika goti." Akasukuma miiba ya samaki pembeni mwa sahani. "Nikamweleza yote, tangu mwanzo. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilipomaliza akaniuliza kama nimekula. Akanipikia ugali na mboga ya mlenda, nikala, yeye akikaa pale ananitazama. Nilipomaliza akanimwagia maji ninawe."

"Basi alikusamehe," nilisema. Nilitaka sana iwe hivyo.

"Alisema, 'Umesema, nimekusikia. Umekula kwangu. Sasa usirudi tena hapa, ukija tena nitakufukuza mbele ya mtoto.'"

Nje, utingo alikuwa akigonga bodi la basi akituita. Abiria wengine walishaanza kupanda. Niliinuka, naye akainuka, akachukua mfuko wangu wa viazi bila kuniuliza, akanibebea hadi mlangoni mwa basi, akaupandisha, akahakikisha umekaa vizuri chini ya kiti.

"Na wewe hukurudi," nilisema.

"Huwa nafika kwenye njia panda," alisema. "Halafu nageuza."

Akashuka. Basi likaondoka.